Miguu ya Jumatano

Jumatano ni siku ya miguu.
Nakaa kigodani, beseni kati ya magoti,
na Paramaribo nzima inanivulia viatu.

Wa kwanza Bi Soekinem, Mjava, muuza tambi sokoni.
"Fumba macho. Uzi ukikugusa, sema."
"Nahisi," asema. "Nahisi. Na hapo pia nahisi."
Alivyolelewa, kumwangusha muuguzi ni utovu wa adabu.
Uzi bado uko mkononi mwangu.

Mzee Jhagroe, wa duka la vitasa,
anairudisha karatasi yetu ya lishe:
viazi, jibini, mkate wa ngano nzima,
sahani ya mtu wa Amsterdam.
"Huyu bwana," asema, "sijawahi kula naye."
Basi tunaigeuza, upande mweupe, tunachora wenyewe:
roti moja badala ya tatu, dengu zijae,
mchicha uchukue nusu nzima bila kuomba radhi,
na wali wa maziwa ungoje Diwali,
na Diwali yenyewe iwe kijiko, isiwe bakuli.
Anabisha juu ya kijiko. Tunaafikiana viwili.
Anaikunja, anaitia mfuko wa shati pamoja na miwani.

Saa tano nafasi iko wazi.
Hendrik Zeefuik, dereva wa lori, haji tena.
Kaka yake aliingia humu na miguu miwili.

Wazee wetu walishushwa hapa na meli tofauti,
hawa kwa minyororo, wale kwa mkataba wa dole gumba,
wakate miwa ya mtu mwingine.
Kiwanda kimekufa; magurudumu yameota kutu,
nyasi zinachungulia madirishani.
Ila muwa haukusahau panga.
Zamani tuliukata sisi. Sasa unatukata,
unaanzia vidoleni.
Na ugonjwa wenyewe wanauita kisukari,
ki ya kijiko, ya kitoto, ya kijidude cha kuchezea!
Aliyeupa udogo huo hajawahi kufunga bandeji.

Mchana anafika Ma Adyuba, Msaramaka wa juu mtoni,
siku mbili njiani, mtumbwi, kisha lori.
Kijijini kwao jenereta huwaka jioni tu, dizeli ikiwepo.
Nami nimeshaandaa karipio: insulini bila friji, mama!
Anafunua kikapu. Chungu ndani ya chungu,
katikati mchanga mbichi, juu kitambaa kilicholowa.
Natia kipimajoto. Nyuzi ishirini na tano.
Natia tena.
Karipio nikalimeza, lilikuwa chungu.
"Nani alikufundisha?"
"Kwani wewe," aniuliza, "maji ya kunywa uliyaweka wapi utotoni?"

Nimeandika kwenye fomu ya wizara,
kisanduku cha Mengineyo, kisichosomwa na mtu.
Kisha nikamtafuta Bi Soekinem,
maana mtaani kwake umeme hukatika kila uchao,
nikamwambia anunue vyungu viwili, kimoja kikubwa.
Safari hii hakuitikia tu. Aliniuliza kwa nini.
Nilifurahi hadi nikasahau kujibu.

Jioni natoboa kidole changu mwenyewe.
Vibanzi vya kupimia vimeadimika tangu Machi,
nimebakiwa na vinne.
Kumi na tatu nukta moja.
Dada yangu katimiza sitini leo, kapika pomu,
kuku kwenye magimbi, machungwa yamekamuliwa juu,
na mimi mchora sahani za watu
nikapakua mara ya pili.

Nimekaa kitandani, soksi mkononi.
Nafumba macho. Nauchukua uzi,
nagusa kidole cha mwisho, mguu wa kushoto.

"Nahisi," nasema. Chumbani hamna mtu.
Sijui kama nimehisi
au nimekumbuka.